Hati Iliyosomewa Kiti Kitupu

Kama gazeti la wiki jana ulishalifungia samaki, usijali, nitakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni Roswitha Kächele, mjane, mwenye nusu ya kampuni inayotengeneza vishikio vya majeneza katika mji wetu wa Trauchlingen, huku kwa Waswabia, kusini mwa Ujerumani. Nusu ya pili ni ya shemeji yangu Eberhard, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu Gerhold. Baba mkwe aliigawa nusu kwa nusu akidhani ametenda haki. Kumbe aliwafungia fahali wawili zizi moja, kisha akafa.

Wanasheria huiita kampuni ya dhima yenye kikomo. Dhima ndiyo yenye kikomo. Upumbavu wa wenye kampuni hauna.

Nilikusimulia mkutano wetu wa wanahisa, yeye na mimi mezani, hakuna wa tatu. Sheria yetu inasema mkurugenzi anayetuhumiwa kosa zito hapigi kura juu ya kufukuzwa kwake. Basi Eberhard akanituhumu, akapiga kura peke yake, nikafukuzwa kwa kauli moja. Nami nikamtuhumu, nikapiga kura peke yangu, akafukuzwa kwa kauli moja. Tukatoka pale kila mmoja akijiita mkurugenzi pekee, na kila mmoja akiwa ameshafukuzwa.

Yeye akabadilisha vitasa vya ofisi. Mimi nikaiandikia benki. Yeye naye akaiandikia benki. Benki ikaona inaandikiwa na vichaa wawili, ikafunga akaunti, na mafundi wetu wakabaki uani wanavuta sigara bila kujua mshahara utatoka wapi.

Hapo ndipo Eberhard aliponipigia simu kwa sauti ya asali. "Shemeji, tutagombana mpaka lini? Niuzie nusu yako, ukapumzike."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Kufikiri kwenyewe ndiko kulikonifikisha hapa.

Jumapili ile binti yangu wa pekee, Mareike, alikuja kula. Nilimpikia dengu na tambi, chakula alichokipenda baba yake. Alikula na koti mwilini, kofia yake ya baiskeli ya kijani ameiweka juu ya meza yangu, jambo ninalolichukia.

"Uza, mama," akasema.

"Niuze nini? Zile hisa si zangu. Baba yako alinishika mkono hospitali akaniambia, Roswitha, mshikie Mareike. Mimi ni mshikaji tu. Ni zako."

"Sizitaki."

"Hujui unachokikataa."

"Mama, nimesomea sheria ya makampuni. Najua sana ninachokikataa. Nataka ulale usingizi. Umekonda. Unaongea peke yako bafuni."

"Siongei peke yangu. Nagombana na Eberhard."

"Ndiyo hayo sasa. Mtu amekufuata mpaka bafuni. Uza, mama, upone."

Nililia kidogo, nikiwa nimeshika kijiko. Nikasema moyoni, Mungu kanichukulia mume lakini kaniachia mtoto mwenye huruma. Likumbuke neno hilo, huruma, maana nitalirudia.

Kesho yake nikamwambia wakili wangu aandae mauzo. Wakili wangu ni Nilgün Aksoy, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo imeshawalaza chini wanaume wengi wenye sauti kubwa. Alisoma bei aliyoitaja Eberhard, akavua miwani.

"Bibi Kächele, hii si bei. Hii ni rambirambi."

"Nimechoka, Nilgün."

"Uchovu ni sababu mbaya ya kuuza."

"Binti yangu mwenyewe hazitaki. Namshikia nani?"

Akavaa miwani yake.

Kwetu huwezi kuuza hisa kwa kupeana mikono wala kwa kutia saini jikoni. Lazima mwende kwa notari, mtu aliyekabidhiwa muhuri wa dola, naye lazima awasomee hati yote kwa sauti, neno kwa neno, nyinyi mmekaa mbele yake mnasikia. Hata kama mnaijua. Hata kama mmeitunga wenyewe. Nimeona watu wazima wakisinzia pale mpaka mate yakawatoka, na notari anaendelea.

Notari wetu ni Daktari Traugott Gaupp. Yeye na Eberhard wanaimba pamoja katika kwaya ya wanaume ya mji, notari sauti ya nne, Eberhard sauti ya kwanza, na hakuna kati yao anayeishika. Eberhard alifika amevaa koti la kijani la siku ya kwaya, kama mtu aliyekuja kupokea zawadi.

"Wakili wako yuko wapi?" Nilgün akamuuliza.

"Nimemwacha ofisini kwake. Akikaa hapa, hata kupiga chafya ananitoza. Wa nini? Wa kunitazama nikishinda?" Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, umependeza. Nyeusi inakukaa."

"Navaa nyeusi tangu nikujue."

"Ulimi huo ndio uliomuua mdogo wangu."

"Mdogo wako aliuawa na kukufanyia kazi zako."

"Mabibi na mabwana," akasema notari, "tunaanza."

Akaanza kusoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Nilikuwa nimejiahidi kutosikiliza, lakini masikio hayana mlango. Muuzaji, yaani mimi, anaacha hisa zake zote. Muuzaji hataingia uani mwa kampuni bila ruhusa. Muuzaji hatalitumia jina la Kächele katika biashara yoyote inayohusu maiti.

"Jina hilo nimeolewa nalo," nikasema.

"Na mwenye kukuoa amekufa," Eberhard akajibu. "Ukitaka kuzika, kazike paka wako, kwa jina la ukoo wako."

Notari alikohoa, akaendelea. Hakumkemea. Yule bwana anaweza kusoma ukurasa mzima wa matusi na asitofautishe na hali ya hewa.

Tulikuwa tumefika kwenye vifungu vya katikati, vile vinene visivyo na mwisho, simu ya Eberhard ikatetemeka mezani. Akaitazama. Uso ukabadilika kama ameambiwa nyumba yake inaungua.

"Jamani! Mkaguzi wa maegesho yuko uwanjani!"

Ngoja nikueleze, maana bila hili hutamwelewa shemeji yangu wala mji wetu. Kwenye uwanja ulio mbele ya ofisi ya notari unaruhusiwa kuegesha gari bure kwa saa moja. Unaweka nyuma ya kioo saa ya kadibodi ya bluu inayoonyesha umefika lini, na saa ikiisha unaondoka. Ipo gereji ya kulipia nyuma ya kanisa, tena nafuu. Eberhard ana uwezo wa kuinunua gereji hiyo na kanisa lenyewe. Lakini watu wetu wengine faini ya maegesho huwauma kuliko msiba.

"Tusimame kidogo basi," notari akasema.

"Usimame nini? Soma, Traugott, soma! Maneno hayo nimeyatunga mwenyewe. Nikirudi nikukute mwisho, tuwahi chakula."

Akatoka mbio, koti la kwaya linapepea.

Notari alikitazama kiti. Akaitazama saa ya ukutani. Kwenye mkahawa wa chini siku hiyo walikuwa wanapika maandazi ya kwetu ya nyama, yanayochemshwa ndani ya supu, na harufu ilishapanda ngazi. Akalamba kidole, akafungua ukurasa, akaendelea kukisomea kiti. Na kiti, nakiri, kilimsikiliza kwa adabu kuliko mwenyewe.

Nilifungua mdomo niseme huu ni utani gani. Kisigino cha Nilgün kikashuka juu ya mguu wangu. Nikamtazama. Yeye alikuwa anatazama dari, ametulia kama anasali.

Ukurasa baada ya ukurasa. Nilidhani Eberhard amepotea. Aliporudi alikuwa anahema, na juu ya masharubu yake kulikuwa na povu jeupe la maziwa. Nikamdharau kwa hilo pia. Mtu hata kuhamisha gari lazima apitie kwenye kikombe.

"Tumefika wapi?"

"Mwishoni," akasema notari, na Eberhard akafurahi.

Tukatia saini. Eberhard kwanza, kwa mkono mkubwa. Kisha mimi.

Kwenye ngazi Nilgün akanishika kiwiko, akanisukuma kwenye pembe ya ukuta.

"Umeona?"

"Nimeona nini? Umenivunja kidole."

"Sikiliza. Hati husomwa mbele ya wanaouziana. Mmoja akitoka, hata kwenda msalani, kusoma kunasimama mpaka arudi. Kusiposimama, kilichosomwa hakikusomwa, na kilichotiwa saini hakina nguvu. Ile karatasi huwezi kufungia hata soseji."

"Nusu yangu?"

"Bado yako."

Nilicheka. Nakiri mbele yenu, nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi na sketi yangu nzuri. Sikucheka kwa sababu ya pesa wala kampuni. Nilicheka kwa sababu Eberhard Kächele alikuwa ameacha mali yote mezani akakimbia kukwepa faini ya maegesho. Nilimdharau mtu huyu tangu siku ya harusi yangu, lakini siku hiyo nilijua kwamba nilikuwa namdharau kidogo mno.

"Lakini," Nilgün akasema.

Mawakili wana lakini zao. Huziweka akiba mpaka ucheke kwanza.

"Hati ikishatiwa saini, mahakama inaamini ilisomwa sawasawa. Anayesema sivyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wewe ndiwe mwenye kesi, mimi ni wakili wako. Notari akikiri, anaupoteza muhuri, kwa hiyo hatakiri kirahisi. Nataka nimkute akiwa hajajiandaa. Na nataka mtu wa tatu aliyemwona Eberhard nje. Mpaka nimpate, mdomo wako ufunge. Hata paka asijue."

"Nimeelewa."

"Nataka uniahidi."

"Nakuahidi."

Nilimwahidi kwa moyo mweupe. Tatizo langu si moyo.

Uwanjani Eberhard alikuwa amesimama kando ya gari lake, ananisubiri. Angeweza kwenda kula. Lakini kuna watu hawashibi mpaka wamkanyage aliyeanguka.

"Shemeji! Ile picha ya Gerhold iliyoko karakana, njoo uichukue kabla ya siku ya taka. Usipokuja nitaitoa. Kioo pipa la vioo, karatasi pipa la karatasi, fremu pipa la mbao. Si unanijua, mimi ni mtu wa utaratibu."

Nilgün akanibana mkono. Nikahesabu pumzi. Gerhold alisimama katika karakana ile mpaka mapafu yake yakajaa vumbi la shaba, huku huyu akikaa ofisini ananoa penseli.

"Atabaki vipande vipande tu," Eberhard akaongeza. "Kama kawaida yake."

"Na wewe umebaki mkono mtupu, mpumbavu wewe!" Sauti yangu iliwafukuza njiwa. "Umekiacha kiti kisomewe hati badala yako! Hujanunua kitu! Hati imekufa! Kamuulize rafiki yako wa kwaya, kama hajamaliza supu!"

Nilgün akafumba macho.

Mdomo huponza kichwa, nami nilifundishwa hivyo tangu utotoni. Eberhard akanitazama. Akamtazama Nilgün, na akaliona jibu usoni mwake. Akageuka, akapanda ngazi za notari mbili mbili, mzee mwenye goti bovu.

Hatukusubiri sana. Dirisha la juu likafunguliwa, na notari akachungulia akiwa na kitambaa cha kulia shingoni.

"Bibi Kächele," akaita kwa sauti yake ya nne, ili uwanja mzima umsikie. "Nasikia una maneno. Bwana Eberhard hakuinuka kitini, mwanzo mpaka mwisho. Nauapia muhuri wangu."

"Una supu kidevuni, Daktari," nikasema.

Akajifuta, akafunga dirisha. Huyo ndiye mtu ambaye dola imempa kazi ya kusema kweli.

Nilgün hakunigombeza. Alinitazama tu kama fundi anavyotazama bomba lililopasuka mara ya tatu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

"Sasa wamejiandaa," akasema. "Sasa bila shahidi, hisa zako zimekwenda, na Mareike wako hana kitu."

"Hazitaki."

"Mbona basi unalia?"

Nilikuwa silii. Nilikuwa natafuta kitu kichwani, na hapo nikakipata.

"Povu!"

"Povu gani?"

"La maziwa. Kwenye masharubu. Alikunywa kahawa, Nilgün. Gari alilihamisha, lakini kahawa hainywewi ndani ya gari. Kuna mtu alimpimia!"

Ng'ambo ya uwanja kuna mkahawa wa aiskrimu wa Fausto, Mwitaliano aliyezaliwa papa hapa na anayelalamika kwa lafudhi yetu kuliko sisi wenyewe. Tulimkuta anafuta vikombe.

"Fausto, shemeji yangu alikuwa hapa saa hizi?"

"Alikuwa. Mlaji wa bure yule."

"Alikuja lini? Sisi tulikuwa bado juu?"

"Nyinyi mlikuwa juu. Nilimwona notari pale dirishani, mgongo wake, anasoma. Nikajiuliza, huyu anamsomea nani na mwenyewe yuko hapa anakunywa kahawa ya maziwa?"

Nilgün akasogea. "Bwana Fausto, unaweza kuyasema hayo mahakamani?"

Kitambaa kikasimama ndani ya kikombe.

"Mahakamani? Mama, jengo hili ni la nani?"

Nilisahau. Jengo ni la Eberhard. Nusu ya uwanja ule ni yake, na watu wake wote wana macho mazuri na kumbukumbu mbovu.

"Mimi nauza aiskrimu," Fausto akasema, hakunitazama. "Nina watoto. Sikuona kitu. Halafu, Bibi Kächele, unanisumbua mimi ya nini? Muulize aliyemlipia."

"Amelipiwa? Na nani?"

"Na binti yako."

Nilidhani amekosea. Nilimwambia hivyo.

"Nimkosee Mareike? Namuuzia aiskrimu tangu hajaota meno ya mbele. Ndiye aliyemwita mezani. Baba mkubwa, njoo ukae, nakulipia. Wamecheka hapo vizuri tu. Eberhard kamwekea funguo mezani, kamwambia hongera mkurugenzi." Akanionyesha kwa kidevu. "Yuko ukumbi wa nyuma. Hajamaliza."

Kofia ya kijani ilikuwa juu ya meza. Mbele yake kulikuwa na funguo mpya zinazong'aa, funguo za vitasa vile vile nilivyofungiwa nje. Na nyuma ya funguo alikaa mtoto wangu mwenye huruma, anakula aiskrimu ya limau.

"Keti, mama," akasema. "Na wewe, Bibi Aksoy. Nilijua mtafika. Nilidhani mtachelewa zaidi."

"Ukurugenzi," nikasema. Sikuketi. "Kakununua kwa ukurugenzi. Ndiyo maana ulikuja kula dengu zangu na kunililia nilale usingizi!"

"Ameniahidi ukurugenzi, ndiyo. Anadhani mimi ni mtoto wa kutumwa. Mwache adhani."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia Nilgün. "Unamsikia?"

"Mama, nani unadhani alimtumia ule ujumbe?"

"Ujumbe gani?"

"Wa mkaguzi wa maegesho."

Nilgün akavua miwani. Mimi nilichelewa kidogo kufika, kama kawaida yangu ninapokuwa na hasira.

"Uwanjani hapakuwa na mkaguzi," Mareike akasema. "Leo ni zamu yake kule hospitali. Nilimwandikia baba mkubwa kwamba yupo, kwa sababu najua atatoka. Nikamwita kahawa ya bure, kwa sababu najua hataiacha. Na notari namjua pia. Nilifanya mafunzo ofisini kwake kiangazi kizima. Siku ya supu ya maandazi hasimamishi kusoma hata jengo likiungua."

"Uliiua hati," Nilgün akasema taratibu. "Makusudi."

"Niliiua. Na mimi ndiye ninayejua ilikufa lini, na niko tayari kusema. Au kutosema."

Nikaketi.

"Mwanangu," nikasema, "basi ulinisaidia."

"Sikukusaidia, mama. Mafundi walinipigia simu mimi. Si wewe, si yeye, mimi. Wanaogopa hata kuwauliza. Nyinyi wawili mlikaa mezani mkafukuzana kwa kura moja moja, kisha mkaenda nyumbani mnajisifu. Kuku wana akili kuliko nyinyi. Kuku angalau hutaga."

Hakuna mtu aliyewahi kunidharau kwa sauti tulivu namna ile. Nilikuwa nimeizoea sauti hiyo kutoka upande wa pili. Ni sauti yangu.

"Unataka nini?"

Akatoa karatasi mkobani, akaikunjua. "Kaa vizuri. Nakusomea, na hakuna wa kutoka."

Akasoma. Alisoma polepole na kwa sauti, si kama Gaupp. Mimi Mareike nikinyamaza, alisema, nusu ya mama inakwenda kwa Eberhard, nami nakuwa mkurugenzi wake mpaka atakaponichoka. Hilo silitaki. Nikisema kweli, nusu inarudi kwa mama, na kesho asubuhi wanaanza tena kufukuzana. Hilo silitaki zaidi. Kwa hiyo, leo hii, kwa notari wa mji mwingine, mama anamhamishia Mareike nusu yote, si kwa wosia, si atakapokufa. Mama hataingia ofisini, hataingia karakana, hatampigia simu fundi wala mteja. Akishatia saini, Mareike atakwenda mahakamani na kusema aliyoyaona.

"Inawezekana?" nikamuuliza Nilgün. Nilitaka aniambie haiwezekani.

"Inawezekana," akasema. "Na imefikiriwa vizuri mno." Kulikuwa na sifa katika sauti yake, na sifa hiyo haikuwa yangu.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilitaka kuusema msemo huo, ukanikwama, maana ungenilazimu kueleza nyoka mwenyewe ni nani.

Huruma ilikuwa wapi? Nikaitafuta usoni mwake, na ajabu, ilikuwepo. Ilikuwa ile huruma ya mtu anayempokonya mzee funguo za gari.

Mnajua jinsi nilivyolia kwenye kurasa hizi wiki baada ya wiki. Nimewaambia nazishika tu. Nimewaambia Gerhold alisema mshikie Mareike, nami ni mshikaji, sitaki kitu, ni za mtoto. Nimeapa hivyo mbele ya benki, mbele ya mafundi, mbele ya kaburi. Sasa mtoto mwenyewe amekuja, amenyoosha mkono, ananiambia mama, nipe kilicho changu. Nikatazama mkono wangu juu ya meza ile ya aiskrimu. Ulikuwa umefungwa ngumi, na nilipouambia ufunguke, haukufunguka.

Nje, Eberhard alikuwa amerudi kwenye gari lake, anasogeza mbele saa yake ya kadibodi, anatazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

Mareike aliisukuma kalamu mpaka ikagusa ngumi yangu.

"Umesikia, mama," akauliza, "au nikusomee tena?"